Word inapoandika usichokiandika: tafuta chanzo kwanza

Umeandika ng'ombe, kwenye skrini pametokea ngómbe. Umepanga vipengele vya swali la mtihani kwa (a), (b), (c), na ile ya tatu imegeuka alama ya hakimiliki. Umebonyeza Enter ili uende mstari mpya, neno serikali likawa serikalini. Mtu akifikwa na haya huanza kubonyeza kila kitufe anachokikumbuka, na hapo tatizo moja huzaa la pili. Mara nyingi kompyuta ni nzima na haina virusi. Kuna kitu kimoja kinachoingilia kati, baina ya kidole chako na ukurasa, na usipokijua utakuwa unatibu maradhi usiyoyapima.

Nitazungumzia zaidi Microsoft Word kwenye Windows, maana ndiyo iliyojaa katika shule, ofisi na stesheneri zetu. LibreOffice Writer na Google Docs, programu nyingine za kuandikia, nitazigusa pale zinapohitajika. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini ili usipate shida kuyatafuta.

Pima kabla ya kugusa mipangilio

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R. Kitafunguka kisanduku kidogo. Andika humo lile neno linalokusumbua, usibonyeze Enter, kisha litazame. Kisanduku hiki hakisahihishi wala hakipambi chochote. Neno likiharibika hata humo, chanzo ni kibodi au mipangilio ya Windows, na kuhangaika na Word ni kupoteza muda. Likitoka sawa, chanzo kimo ndani ya Word. Watu wengi hufanyia jaribio hili kwenye Notepad, lakini tangu mwaka 2024 Notepad ya Windows 11 nayo ina usahihishaji wake, kwa hiyo inaweza kukudanganya.

Kama Word ndiyo inayoshukiwa, rudia kosa lenyewe, na mara tu neno linapobadilika bonyeza Ctrl+Z mara moja. Ulichokiandika kikirudi kama kilivyokuwa, aliyebadilisha ni usahihishaji wa papo kwa papo, yaani AutoCorrect au AutoFormat. Halafu fungua hati mpya kwa Ctrl+N na ujaribu tena. Hati mpya ikiwa safi, ugonjwa uko kwenye lile faili moja tu: huenda limeandikwa na mtu mwingine, au limetokana na kunakili maandishi kutoka mahali pengine.

Herufi zinatoka zingine kabisa

Tuanze na ngómbe, kwa sababu tatizo hili linawaumiza waandishi wa Kiswahili kuliko Waingereza wenyewe. Windows ina mpangilio wa kibodi unaoitwa United States-International. Katika mpangilio huo kitufe cha ritifaa (') hakiandiki kitu papo hapo. Kinasubiri herufi inayofuata. Ikifuata irabu, vinaungana: ng'ombe inakuwa ngómbe, ng'ambo inakuwa ngámbo. Ikifuata konsonanti kama w, ritifaa hutokea kama kawaida, ndiyo maana tatizo linaonekana kuja na kuondoka. Dalili nyingine ya mpangilio huohuo ni alama za kunukuu: ukifungua nukuu kisha ukaandika Asha, unapata Äsha. Ukiona hayo, tazama pembe ya chini kulia ya skrini. Kama chini ya ENG pameandikwa INTL, umempata mhusika.

Kwa dharura, bonyeza ritifaa, kisha kitufe cha nafasi, kisha irabu. Lakini usiishi hivyo. Kwenye Windows 11 fungua Settings, ingia Time & language, kisha Language & region. Bonyeza vidoti vitatu vilivyo kando ya English, chagua Language options, ongeza kibodi ya US, halafu uondoe ile ya United States-International. Kuziacha zote mbili ni kuacha mlango wazi, kwa sababu Windows+Space inaweza kukurudisha huko bila wewe kutambua.

Kundi la pili ni kompyuta zilizotumika zinazoletwa kutoka nje. Kibodi ya Kifaransa ina A mahali pa Q, na M iko kulia mwa L. Ukiwa na vitufe vya Kiingereza huku Windows ikidhani ni vya Kifaransa, mama inatoka ,q,q. Kinyume chake, vitufe vya Kifaransa huku Windows ikidhani ni vya Kiingereza, mama inakuwa ;q;q. Kule Bujumbura, Goma au Lubumbashi, ambako kibodi za Kifaransa ni za kila siku, mkanganyiko huu ni wa kawaida pale kompyuta inaposakinishwa upya kwa Kiingereza. Kibodi ya Kijerumani inabadilishana Y na Z, kwa hiyo ziwa inakuwa yiwa. Ile ya Uingereza inabadilishana alama ya @ na alama ya kunukuu. Tiba ni moja: mpangilio wa Windows ulingane na vitufe vilivyo mbele yako. Hakuna haja ya kununua kibodi mpya.

Kuna hali inayowachanganya hata mafundi: kibodi inabadilika yenyewe kila unapobofya aya nyingine. Hiyo ni Word inayofuata lugha ya aya. Ingia File, Options, Advanced, na uondoe tiki kwenye Automatically switch keyboard to match language of surrounding text.

Nao wanaoandika Kiarabu pamoja na Kiswahili, au waliopata kompyuta iliyowekewa Kiarabu, hukuta aya nzima imehamia kulia na nukta ya mwisho imekaa kushoto. Umebonyeza Ctrl na Shift ya kulia kwa pamoja. Bonyeza Ctrl na Shift ya kushoto, aya itarudi.

Nambari badala ya herufi

Kwenye baadhi ya kompyuta mpakato ndogo, hasa za zamani, Num Lock ikiwaka, upande wa kulia wa herufi hugeuka kuwa pedi ya nambari. U, I na O huwa 4, 5 na 6. J, K na L huwa 1, 2 na 3. M huwa 0. Kwa hiyo kuku inasomeka 2424. Bonyeza kitufe cha Num Lock, na kisipotosha kishike pamoja na Fn.

Vitufe vizito, au vinavyotoa amri badala ya herufi

Ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, Windows inapendekeza kuwasha Filter Keys. Ukikubali bila kusoma, kibodi inaanza kupuuza mibonyezo ya haraka, na unajikuta unabonyeza herufi moja kwa nguvu kama taipureta ya zamani. Ukibonyeza Shift mara tano mfululizo, inakuja Sticky Keys, ambayo huifanya Ctrl au Shift ibaki imebonyezwa hata ukiachia. Vyote viwili viko Settings, Accessibility, Keyboard. Kwenye Windows 10 tafuta Ease of Access. Vizime, na uondoe pia tiki ya njia ya mkato inayoviwasha. Kama kuna mtu mwenye ulemavu wa mikono anayeitumia kompyuta hiyo, muulize kwanza, maana vimewekwa kwa ajili yake.

Maandishi yanaruka kwenda mstari mwingine

Unaandika sentensi, katikati ya neno kile kistari kinachomeremeta kinaruka juu, na nusu ya neno inaishia ndani ya aya nyingine. Hili ni tatizo la kompyuta mpakato, na karibu kila mara ni kiganja kinachogusa pedi ya kipanya. Lina hatari kuliko linavyoonekana, kwa sababu pedi inaweza pia kuteua maandishi, na Word kwa kawaida inafuta kilichoteuliwa mara unapoandika herufi inayofuata. Aya inaweza kupotea bila wewe kuona, hasa ukiandika huku macho yako kwenye karatasi unayonakili.

Fungua Settings, kisha Bluetooth & devices, kisha Touchpad, na upunguze Touchpad sensitivity. Kama unatumia kipanya cha waya, ondoa tiki kwenye Leave touchpad on when a mouse is connected. Hiyo ndiyo tiba kamili. Kwenye kompyuta nyingi kipo pia kitufe cha F chenye picha ya pedi, kinachoizima na kuiwasha. Anayechapa nyaraka za watu kwa malipo, ningemshauri aizime moja kwa moja.

Herufi mpya inameza iliyo mbele yake

Unaingiza neno katikati ya sentensi, na kila herufi unayoandika inafuta iliyo kulia kwake. Hali hii inaitwa Overtype. Bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya kwenye ukanda wa chini kabisa wa Word, kisha chagua Overtype. Sasa ukanda utaandika Insert au Overtype, na ukiubofya hapo unabadilisha. Ili isirudi, nenda File, Options, Advanced, uondoe tiki ya Use overtype mode pamoja na ile ya kuiruhusu Insert kuiwasha. Kwenye LibreOffice kitufe cha Insert kinafanya kazi hiyo wakati wote, na mara nyingi kiko jirani kabisa na Delete.

Hati yote imetoweka, imebaki herufi moja

Ulitaka kuandika A kubwa kwa Shift, kidole kikaangukia Ctrl iliyo chini yake. Ctrl+A imeteua hati nzima, na herufi iliyofuata imeifuta. Usihifadhi. Usifunge. Bonyeza Ctrl+Z mpaka maandishi yarudi. Kinachowakosesha watu kazi zao ni kufunga faili kwa hofu na kukubali Save, kwa sababu ukishafunga, Ctrl+Z haina tena kumbukumbu.

Maneno ya Kiswahili yanageuzwa, na mistari myekundu kila mahali

Hapa ndipo penye kiini cha malalamiko mengi. Word inayosema ENGLISH kwenye ukanda wa chini inaamini kwamba unaandika Kiingereza vibaya, na inajitahidi kukusaidia. Nyumba i wapi? inakuwa Nyumba I wapi? Maneno yako mengine yanasukumwa yafanane na ya Kiingereza. Wengi wamezoea kuzima usahihishaji wote, au kubofya Ignore neno baada ya neno, au kuongeza kila neno la Kiswahili kwenye kamusi ya mashine. Njia hizo zinachosha na hazigusi chanzo. Ieleze programu lugha unayoandika, na sehemu kubwa ya vurugu itatulia yenyewe.

Teua hati nzima kwa Ctrl+A. Nenda Review, Language, Set Proofing Language. Tafuta Kiswahili, ikiwa hukioni chini ya K, tazama Swahili chini ya S. Kisha ondoa tiki kwenye Detect language automatically. Hatua hii ya pili ndiyo inayosahaulika: ukiiacha, Word inakisia upya kila unapoendelea, na baada ya aya chache umerudi kwenye Kiingereza. Ukitaka hati zako zote mpya zianze hivyo, bonyeza Set As Default. Hata kama zana za tahajia za Kiswahili hazimo kwenye kompyuta yako, Word itakuambia hazipo, lakini haitaendelea kuyapima maneno yako kwa kipimo cha Kiingereza. LibreOffice inayo kamusi ya Kiswahili cha Tanzania. Lugha ya kuanzia inawekwa kwenye Tools, Options, sehemu ya lugha.

Kuna mpangilio mmoja wa Word unaostahili kuzimwa hata baada ya hapo. Nenda File, Options, Proofing, AutoCorrect Options. Chini kabisa ya kichupo cha AutoCorrect kuna Automatically use suggestions from the spelling checker. Huo unabadilisha maneno bila kukuuliza. Kwa mtu anayechanganya Kiswahili, Kiingereza na majina ya watu katika barua moja, hauna faida.

Papo hapo angalia suala la herufi kubwa. Word huamini kwamba kila nukta inafunga sentensi, kwa hiyo baada ya k.v. au taz. herufi inayofuata inakuzwa: taz. Ukurasa, k.v. Embe. Usizime ukuzaji wote, maana unasaidia kwingine. Bonyeza Exceptions, kichupo cha First Letter, uongeze vifupisho vyetu kimoja kimoja: k.m., k.v., n.k., taz., uk. Kazi hiyo ni ya dakika chache na hutairudia kwenye kompyuta hiyo.

Kwenye Google Docs mambo kama haya yako Tools, Preferences.

Neno linajimalizia kwenye LibreOffice

Ile serikali inayokuwa serikalini inatokana na Word Completion. Writer inakusanya maneno marefu uliyokwisha kuyaandika, na ukianza neno linalofanana inakupendekezea lililobaki. Enter ndiyo inayokubali pendekezo. Kiswahili kinaathirika sana kwa sababu neno kamili mara nyingi ni mwanzo wa neno jingine refu zaidi: mkutano na mkutanoni, serikali na serikalini. Ukimaliza aya kwa mkutano kisha ukabonyeza Enter, unapata mkutanoni, na mstari mpya haupati. Nenda Tools, AutoCorrect Options, kichupo cha Word Completion, uondoe tiki ya Enable word completion. Anayeipenda huduma hii anaweza kuiacha na kubadilisha kitufe cha kukubali, kiwe kingine badala ya Enter.

Alama na mistari ambayo hukuiomba

Walimu wanaotunga mitihani wanalijua hili vizuri: (c) inakuwa ©, na (e) inakuwa €. Kwa mara moja, Ctrl+Z inatosha. Kwa kudumu, kwenye AutoCorrect Options tafuta (c) katika ile orodha ndefu, bonyeza Delete, kisha fanya vivyo hivyo kwa (e). Tarehe 1/4 nayo inaweza kugeuka ¼. Ondoa tiki ya Fractions kwenye kichupo cha AutoFormat As You Type.

Mstari wa kudumu unaokataa kufutika ni kesi tofauti. Umeandika vistari vitatu au zaidi ukabonyeza Enter, na umetokea mstari kutoka ukingo hadi ukingo. Unajaribu kuuteua, hauteuliki; unabonyeza Delete, hauondoki. Huo si maandishi tena, ni mpaka wa aya iliyo juu yake. Weka kistari cha kuandikia kwenye aya hiyo ya juu, nenda Home, fungua Borders, chagua No Border. Alama za =, _, *, # na ~ zina tabia hiyohiyo, kila moja ikitoa mstari wa aina yake. Kuzuia, ondoa tiki ya Border lines.

Na kama ulikuwa unachora nafasi ya kujazia jina au jibu, acha kurundika vistari vya chini. Vinavunjika na kusukuma maneno mara mtu anapoanza kujaza. Fungua kisanduku cha Tabs kutoka Paragraph, weka kituo mahali unapotaka mstari uishie, chagua Leader namba 4, bonyeza Set, kisha OK. Sasa kila ukibonyeza Tab unapata mstari ulionyooka, na mistari ya ukurasa mzima inalingana.

Orodha zinazojipanga zenyewe ukiandika 1. na nafasi zinazimwa kwa Automatic numbered lists. Namba ikiruka, bofya kulia juu yake uchague Restart at 1 au Continue Numbering.

Maneno yametawanyika mstari mzima

Mstari una maneno matatu tu, lakini umevutwa hadi ukingo wa kulia, na kila neno liko mbali na mwenzake. Bonyeza Ctrl+Shift+8 ili uone alama zilizofichika. Mwisho wa mstari huo kuna mshale uliopinda badala ya ¶. Hiyo ni Shift+Enter, na katika aya iliyonyooshwa pande zote mbili Word inavuta mstari wa namna hiyo ujae. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti yamejaa mishale hiyo. Bonyeza Ctrl+H, andika ^l kwenye Find what na ^p kwenye Replace with, kisha Replace All. Ukiona pia viduara vidogo mahali pa nafasi, hizo ni nafasi zisizokatika, nazo zinafanya maneno mawili yakatae kutengana. Tafuta ^s, badilisha kwa nafasi ya kawaida.

Unachofuta hakifutiki

Herufi mpya zina rangi na mstari chini, na unazofuta zinabaki zimekatwa. Track Changes, yaani huduma inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko, imewashwa; Ctrl+Shift+E inaizima. Hapa naomba uangalifu wa pekee. Kuchagua No Markup kunaficha tu mabadiliko, hakuyaondoi, na barua ikitumwa hivyo, anayeipokea anaweza kuyasoma yote uliyoyafuta. Soma mabadiliko, kisha tumia Accept All Changes kabla ya kutuma.

Kama Word inakataa kuandika kabisa, tazama juu: faili lililotoka kwenye barua pepe linasubiri ubonyeze Enable Editing; lililofungwa na mwenyewe linahitaji Stop Protection kwenye Restrict Editing, na pengine nenosiri lake. Maneno Unlicensed Product yakionekana, Office yenyewe imesimamishwa na hakuna mpangilio utakaosaidia.

Bado?

Shikilia Ctrl huku ukifungua Word, ukubali Safe Mode. Tatizo likitoweka humo, mshukiwa ni programu-nyongeza au kiolezo kikuu, yaani faili ambalo kila hati mpya huanzia. Nyongeza zizime moja moja kupitia File, Options, Add-ins. Kwa kiolezo, funga Word, bonyeza Windows+R, andika %appdata%\Microsoft\Templates, kisha ulibadilishe jina faili la Normal.dotm, mfano Normal-zamani.dotm. Word itajitengenezea jipya itakapofunguka. Usilifute la zamani, maana mitindo na makro ulizojitengenezea zimo humo.

Na kama lile jaribio la mwanzo lilionyesha kosa nje ya Word, huku mpangilio wa kibodi ni sahihi, andika osk kwenye Windows+R. Itatokea kibodi ya skrini. Kitufe kinachobaki kimewaka bila kuguswa kimenasa. Herufi isiyowaka ukiibonyeza imekufa. Kwa anayeandika Kiswahili, anza na A, inayofanya kazi kuliko herufi nyingine yoyote. Zima kompyuta, ipulize vumbi, jaribu tena, na ikishindikana chomeka kibodi ya USB uendelee na kazi wakati fundi akitafuta ya kubadilisha.